Uzi: Ukiona winchi imesimama katikati ya mji wenu, ujue urefu wa majengo uliamuliwa zamani

Ramani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekuwa nikifuatilia jinsi miji ya pembezoni mwa majiji makubwa inavyobadilika sura. Nasema ile miji ambayo ilikuwa na barabara moja ya maduka, stesheni, ofisi ya halmashauri na nyumba za kawaida, halafu miaka kumi au ishirini baadaye unakuta minara ya ghorofa thelathini, arobaini, hata hamsini imeota katikati yake. Kila inapotokea, ugomvi ni uleule. Wapo wanaosema ni maendeleo, wapo wanaosema mji umeharibiwa. Na mara nyingi ugomvi huo huanza winchi ikishasimama.

Hapo tumechelewa, na ndiyo sababu ya kufungua uzi huu. Urefu wa majengo huamuliwa mapema mno, kwenye mpango wa mji, kwenye ramani ya reli, na kwenye suala la nani anamiliki viwanja vikubwa. Anayejua kusoma hayo matatu anaiona minara kabla msingi haujachimbwa.

Tuanze na dhana kwamba watu hujenga kwenda juu pale ardhi inapokwisha. Ingekuwa hivyo tu, majengo marefu kuliko yote yangekuwa katikati ya jiji na yangepungua taratibu kadiri unavyotoka nje. Sasa tazama Paris. Mnara wa Montparnasse, wenye mita 210 hivi, ulimalizika mwaka 1973 na wengi wakauchukia. Mwaka 1977 jiji likaweka kikomo: jengo jipya lisizidi mita 37. Je, waliohitaji ofisi ndefu waliacha kuzihitaji? Walihamia La Défense, magharibi, nje kidogo ya mpaka wa jiji, ambako serikali ilikuwa imeshaunda mamlaka ya uendelezaji tangu mwaka 1958. Msitu wa minara unaoonekana kule leo umesimama mahali ambapo sheria ya jirani iliusukuma.

Washington ni hivyo hivyo. Sheria ya mwaka 1910 inapima urefu wa jengo kwa upana wa barabara iliyo mbele yake, kwa hiyo mji mkuu wa Marekani hauna minara. Vuka mto Potomac uingie Arlington, jimbo la Virginia, unakutana na majengo marefu ya Rosslyn yakitazama mji ambao usingeyaruhusu.

Arlington nataka nikae nayo kidogo, kwa sababu inaonyesha upande wa reli vizuri kuliko mji wowote ninaoujua. Treni ya chini ya ardhi ilipokuwa inapangwa, njia rahisi ilikuwa kuipitisha katikati ya barabara kuu ya magari. Viongozi wa Arlington wakakataa. Wakataka ipite chini ya barabara yao ya zamani ya biashara, ambayo wakati huo ilikuwa inafifia. Walishinda, na mwaka 1979 treni ikafika Ballston. Kwenye kipande hicho kuna stesheni tano: Rosslyn, Court House, Clarendon, Virginia Square na Ballston. Halafu wakaandika kanuni ambayo hata mtoto anaielewa: jengo refu liruhusiwe karibu kabisa na stesheni, na urefu ushuke kila unapoiacha, mpaka ukutane na mitaa ya nyumba za kawaida. Ukitoka stesheni ya Ballston ukatembea dakika kumi, unapita ghorofa ishirini, unapita ghorofa sita, unapita nyumba zilizoshikana, kisha unajikuta kwenye mtaa wa nyumba zenye bustani na miti mikubwa. Aliyenunua nyumba pale mwaka 1985 alikuwa na uwezo wa kufungua mpango na kujua jirani yake atakuwa na urefu gani mwaka 2015. Hicho ndicho ninachokiita haki ya mwenyeji.

Suala la tatu ni la viwanja, nalo watu hulisahau. Mnara unahitaji kiwanja kikubwa chenye mwenye mali mmoja. Barabara ya maduka madogo hamsini yenye wamiliki hamsini ni ngumu kuigusa, kila mmoja ana bei yake na kesi yake. Lakini uwanja wa maegesho ya magari una hati moja. Ndiyo maana Mississauga, jirani ya Toronto nchini Kanada, imekua ilivyokua. Mwaka 1973 lilifunguliwa jumba kubwa la maduka liitwalo Square One mahali palipokuwa pa mashamba. Kwa miaka mingi lilizungukwa na bahari ya lami ya kuegeshea magari. Lami hiyo ilikuwa akiba ya ardhi, ingawa wapita njia waliiona ni maegesho tu. Mwaka 2012 ikamalizika ile minara miwili inayojisokota, Absolute World, ghorofa 56 na 50, iliyobuniwa na kampuni ya MAD ya Ma Yansong, na tangu hapo minara haijaacha kuongezeka. Kwa hiyo ukitaka kujua mnara ujao wa mji wenu utakaa wapi, angalia maegesho yaliyo karibu na stesheni.

Mfano ambao umebeba yote haya kwa pamoja ni Croydon, kusini mwa London. Nitauleta kwenye posti inayofuata, huu umeshakuwa mrefu.

Ramani

Naendelea.

Croydon ulikuwa mji wenye jina lake, ukafanywa sehemu ya London mwaka 1965. Mwaka 1956 ulipata sheria yake maalumu bungeni iliyoipa halmashauri nguvu ya kununua ardhi ya katikati na kupanua barabara. Mwaka 1963 serikali ya Uingereza ikaunda ofisi ya kuhimiza kampuni zihame kutoka katikati ya London. Weka hayo mawili pamoja na stesheni ya East Croydon, ambapo treni ya kwenda stesheni ya Victoria, katikati ya London, huchukua kama robo saa, ukapata jawabu. Ndani ya miaka kumi na kitu mji wa maduka ukajaa ofisi za zege. Jengo la Lunar House la ghorofa 20, linalojulikana na kila aliyewahi kushughulikia uhamiaji Uingereza, ni la mwaka 1970. Mwaka huohuo ukamalizika mnara wa pembe nane wa Richard Seifert, ghorofa 24, ambao watu waliupa jina la sarafu ya peni hamsini kwa umbo lake. Huu mnara mimi naupenda. Kila ghorofa imegeuzwa juu ya mwenzake, na hata leo ukishuka kwenye treni unajua uko wapi.

Halafu kampuni zikaanza kuondoka. Ofisi za miaka ya 1960 zilikuwa na dari fupi, hazikufaa kwa nyaya na mitambo ya baridi, na kufikia miaka ya 1990 nyingi zilikaa tupu. Mwaka 2013 serikali ikaruhusu sehemu kubwa ya Uingereza (England) kugeuza ofisi kuwa nyumba za kuishi bila kupitia kibali kamili cha mipango. Hapa, wakuu, naomba msome polepole. Mandhari ya mji ukiitazama kwa mbali haikubadilika hata kidogo, majengo ni yaleyale. Ndani yake maisha ya watu yalibadilika kabisa. Utafiti ulioagizwa na serikali yenyewe na kutolewa mwaka 2020 ulikuta kwamba katika nyumba zilizopatikana kwa njia hiyo, ni asilimia 22.1 tu zilizofikia kipimo cha taifa cha ukubwa, wakati zile zilizopitia kibali kamili zilifikia asilimia 73.4. Kipimo chenyewe si cha anasa: mtu mmoja mita za mraba 37. Baadhi ya vyumba havikuwa na dirisha la kutazama nje. Ilibidi sheria irekebishwe, mwanga wa asili ukawa lazima, na kuanzia Aprili 2021 kipimo cha ukubwa kikawa lazima pia.

Baada ya hapo likaja wimbi la minara ya makazi. Saffron Square, ghorofa 43, mwaka 2016. Ten Degrees, minara miwili ya ghorofa 44 na 38, mwaka 2020. Hata jengo la halmashauri lenyewe, Taberner House, lilibomolewa na mahali pake pakajengwa minara ya makazi. Anayeitazama Croydon leo kutoka vilima vya kusini anaona tabaka mbili: mafupi mapana ya kijivu ya enzi za ofisi, na membamba marefu ya enzi za makazi. Kila tabaka lina sheria yake nyuma. Karibu tujadili.

Nondo16

Mkuu Ramani, umeandika kitu. Mimi ni mtu wa saiti, niongezee upande wa ujenzi.

Hiyo Ten Degrees uliyoitaja ni ya vyumba vilivyotengenezwa kiwandani. Wanamwaga kwanza kiini cha zege chenye lifti na ngazi, kinapanda peke yake mpaka juu, kisha vyumba vinaletwa kwa lori vikiwa vimeshapakwa rangi, vina bafu na madirisha, winchi inavipanga kuzunguka kile kiini kama droo kabatini. Vilitumika vyumba vya namna hiyo (moduli) zaidi ya 1,500. Kwa mji wa pembezoni faida yake ni kubwa, maana saiti imebanwa na stesheni upande mmoja na barabara ya mabasi upande mwingine. Malori ya zege yanapungua sana na miezi ya kelele inapungua.

Lakini nataka nizungumzie upepo, maana wanaolalamika kuhusu minara hulalamikia sura wakati kinachowaumiza kila siku ni upepo. Upepo huenda kasi zaidi kadiri unavyopanda juu. Ukikutana na ukuta mpana wa ghorofa thelathini hauwezi kupenya, kwa hiyo sehemu yake inapita pembeni na sehemu inateremka ukutani hadi barabarani. Mji wa pembezoni unaumia zaidi kuliko katikati ya jiji, kwa sababu mnara umesimama peke yake juu ya mapaa ya ghorofa mbili, hakuna jirani wa kuuvunja ule upepo. Simama kwenye kona ya mnara wa namna hiyo siku ya upepo wa kawaida tu. Hatua tatu nyuma kuko shwari, ukigeuka kona mwavuli unapinduka, mama mwenye kigari cha mtoto anakishika kwa mikono miwili. Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kwenye jengo la Bridgewater Place la mita 112, mwaka 2011 upepo ulipindua lori likaua mtembea kwa miguu. Baadaye ilibidi zijengwe kinga kubwa za kuukata upepo juu ya barabara. Zimekuja baada ya mtu kufa.

Dawa yake inajulikana. Chini unaweka jengo pana la ghorofa nne au tano linalofuata mstari wa barabara, mnara unaurudisha nyuma. Upepo unaoteremka unatua kwenye lile paa badala ya kichwani kwa watu. Toronto wameandika kwenye mwongozo wao wa mwaka 2013: sakafu ya kila ghorofa ya mnara isizidi mita za mraba 750 na mnara na mnara viachane angalau mita 25. Namba hizo mbili zinaamua sura ya mji kuliko msanifu yeyote.

Ramani

Nondo16, shukrani sana. Hizo mita 25 naomba wasomaji wazishike. Mji ambao haujaandika namba hiyo, mnara wa kwanza unakula nafasi ya wa pili. Anayewahi anajenga mpakani kabisa na kufungua madirisha upande wa jirani, halafu jirani akitaka kujenga anaambiwa utawazibia watu mwanga.

Mpangaji

Wadau, naomba nizungumze kama mtu anayeishi kwa kupanga. Mmejadili urefu, upepo na reli, sawa. Mimi nauliza: pale mnara ulipo, palikuwa na nani?

Mfano wangu ni Metrotown, mjini Burnaby, jirani ya Vancouver, nchini Kanada. Treni ya SkyTrain ilianza mwaka 1985, ikapita hapo. Kuzunguka stesheni kulikuwa na majengo ya mbao ya ghorofa tatu, ya kupangisha, ya zamani, kodi nafuu. Walioishi humo ni wafanyakazi, wazee, wageni waliotoka kuhamia. Mpango wa mji uliporuhusu minara pale, yale majengo yakaanza kubomolewa moja baada ya jingine. Wapangaji wakapewa notisi, na minara iliyofuata ilikuwa ya kuuza. Waliandamana, wakajifungia ndani ya majengo matupu. Oktoba 2018 meya Derek Corrigan, aliyekuwa madarakani tangu 2002, akaangushwa na Mike Hurley, na suala hili lilikuwa katikati ya kampeni. Baada ya hapo halmashauri ikapitisha utaratibu unaomtaka mjenzi amsaidie mpangaji anayehamishwa na kumpa nafasi ya kurudi kwenye jengo jipya kwa kodi inayolingana na aliyokuwa analipa.

Mandhari ya Metrotown ni nzuri, naikubali, usiku inang'aa. Lakini kila mnara pale una orodha ya familia zilizotolewa chini yake, na orodha hiyo haionekani kwenye picha yoyote.

Ramani

Mpangaji, umegusa mahali ambapo mimi sikugusa, na unaipa nguvu hoja ya uzi. Utaratibu wa kuwarudisha wapangaji kule Burnaby ulikuja baada ya majengo mengi kwenda chini. Ungeandikwa ndani ya mpango uleule ulioruhusu minara, kwenye ukurasa uleule, wale watu wangekuwa na kitu cha kushika. Halmashauri inapoongeza urefu unaoruhusiwa, inapandisha thamani ya kiwanja siku hiyohiyo kabla tofali halijawekwa. Huo ndio wakati ambao halmashauri ina nguvu ya kudai: nyumba za wapangaji, shule, njia ya watembea kwa miguu, bustani. Kibali kikishatoka, inabaki kuomba.

Mwanamtaa

Samahani wakuu, mimi ni mgumu kidogo. Kwa nini lazima minara? Paris mnayoisema ni mji wa ghorofa sita na saba, na ndani ya mpaka wake wanaishi takribani watu 20,000 kwa kilomita ya mraba. Ni msongamano mkubwa kuliko miji mingi yenye minara. Leslie Martin na Lionel March, watafiti wa majengo wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walionyesha kwa hesabu tangu miaka ya 1960 kwamba ukijenga kuzunguka mipaka ya kiwanja na kuacha ua katikati, unapata eneo lilelile la sakafu kwa urefu mdogo sana. Naona mnara mmoja katikati ya lami tupu, umebeba watu wachache kuliko mtaa mzima wa ghorofa sita. Sasa huo urefu unamsaidia nani?

Ramani

Mwanamtaa, hoja yako ni nzito na hesabu ni sahihi. Urefu na wingi wa watu ni vitu viwili. Mji ambao una nafasi ya kupanga mtaa mzima upya, ghorofa sita zenye ua zinatosha, na ningezichagua.

Tatizo la katikati ya mji wa pembezoni ni kwamba mtaa mzima haupatikani. Kinachopatikana ni kiwanja kimoja cha maegesho hapa na ofisi moja tupu kule. Ukisema urefu usizidi ghorofa sita kila mahali, utalazimika kugusa nyumba nyingi zaidi za watu ili kupata idadi ileile ya makazi. Ukiruhusu minara michache juu ya stesheni, unaiacha mitaa mingine ipumue. Arlington walifanya biashara hiyo kwa macho wazi, wakawaambia wenyeji: hapa tutapanda sana, pale hatutagusa. Mimi naona ni biashara halali mradi imeandikwa, na mradi mstari wa "hapa" na "pale" hausogezwi kila akija mwekezaji mpya.

Na tusisahau, mnara ni ghali. Kila ghorofa inayoongezwa inadai lifti zaidi, pampu za maji, nguzo nene chini. Usalama pia. Baada ya moto wa Grenfell Tower jijini London, tarehe 14 Juni 2017, uliowaua watu 72 katika jengo la ghorofa 24 lenye ngazi moja, kanuni zilibadilika. Uingereza imeweka tarehe 30 Septemba 2026 kuwa mwanzo wa lazima ya ngazi ya pili kwa majengo mapya ya makazi yenye mita 18 au zaidi. Kwa hiyo minara ya kizazi kijacho itakuwa minene kuliko ya leo. Mtakaoiona mkashangaa kwa nini imenenepa, jibu ni ngazi.

Nondo16

Nathibitisha. Michoro mingi ilirudishwa mezani kwa sababu ya ngazi hiyo. Ukiiongeza, unapoteza sehemu ya sakafu kila ghorofa, na mwenye mradi anataka kuirudisha kwa kupanua au kupandisha.

Mwanamtaa

Nimekuelewa mkuu. Swali la mwisho, kivuli. Watu wa mipango wanatuletea picha za kivuli cha saa sita mchana mwezi Juni, na kila mara kinaonekana kifupi.

Ramani

Usizikubali picha hizo peke yake. Urefu wa kivuli unategemea jua liko juu kiasi gani. Mji ulio kwenye latitudo ya London, mchana wa katikati ya Desemba jua linapanda kama digrii 15 tu, na jengo la mita 100 linatupa kivuli cha mita 370 hivi. Juni jua linafika kama digrii 62, kivuli kilekile kinakuwa mita 53. Mji ulio karibu na ikweta mambo ni tofauti kabisa, mchana kivuli kinakaa miguuni pa jengo karibu mwaka mzima, shida inabaki asubuhi na jioni.

Kingine, kivuli cha mnara mwembamba kinahama haraka, kinaweza kupita juu ya dirisha lako ndani ya saa moja kikaenda zake. Cha jengo pana kinakaa nusu siku. Kwa hiyo omba picha za Desemba na za Machi, saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri. Omba pia wachore na minara mingine yote ambayo mpango unairuhusu hata kama haijaombewa kibali bado, maana vivuli vinavyowapata watu ni vya minara yote kwa pamoja. Na barua ya kuomba iende wakati mpango wa eneo uko kwenye hatua ya maoni ya umma. Tafuta mapema tarehe ya kufunga maoni.